Sketi ya Mwamvuli Ikikataa Kukaa, Anza Kutafuta Kiunoni

Umejishonea sketi ya mwamvuli, umeivaa mbele ya kioo, na pindo limepanda mbele kama pazia lililovutwa. Mkono unakimbilia mkasi upunguze palipozidi. Uweke chini huo mkasi kwanza. Kasoro za sketi hii huonekana chini, lakini nyingi zinatoka juu, kwenye ule mviringo mdogo wa kiunoni. Ukikata pindo kabla ya kukagua kiuno, kesho utakata tena, na keshokutwa sketi ya magotini itakuwa ya mtoto.

Ninaposema mwamvuli namaanisha sketi yoyote iliyokatwa kutoka kwenye duara: duara zima, nusu duara au robo duara. Nitatumia inchi, maana hizo ndizo mafundi wetu wa Nairobi huzisoma kwenye tepu, hata kama kitambaa chenyewe ulipimiwa kwa mita pale Biashara Street au Eastleigh.

Kabla ya yote, vaa sketi ukiwa na viatu utakavyovalia, simama wima, na umwombe mtu akutazame kutoka mbele, ubavuni na nyuma. Usijitazame kwa kuinama, kwa sababu ukiinama tu pindo la nyuma linapanda na utaona kasoro ambayo haipo. Huyo mtazamaji asikuambie "haikai vizuri." Akuambie ni wapi.

Kiuno kimekuwa kikubwa

Hili lilinipata na mpwa wangu, aliyetaka sketi ya kwendea sherehe ya mahari ya rafiki yake. Kiuno chake ni inchi 30. Nilikuwa na krepe ya polista yenye upana wa inchi 60, nikaikunja mara nne, nikachora robo ya duara pembeni, nikakata. Siku ya kujaribu, sketi iliteremka taratibu ikaenda kutulia kwenye nyonga. Akanitazama: "Anti, hii ni yangu ama ni ya mama?" Tulipopima, kiuno kilikuwa inchi 35.

Inchi tano hazikutoka mahali pamoja. Wengi wetu tulifundishwa kugawa kiuno kwa 6 ili kupata umbali wa kuchora kutoka kwenye kona. Kwa 30 unapata 5. Lakini mviringo hautii 6, unatii 6.28. Duara la umbali wa inchi 5 lina mzunguko wa inchi 31 na nusu hivi, kwa hiyo hata kabla sijashika sindano nilikuwa nimezidisha inchi moja na nusu. Kisha nikashona mkanda nusu inchi chini ya ukingo, na hapo ndipo wengi hupotelea. Kwenye mviringo, kila unaposhuka unaingia kwenye duara kubwa zaidi. Nusu inchi ya mshono iliongeza inchi tatu. Mshono wa zipu ulirudisha inchi moja. Inchi moja na nusu iliyobaki ilitokana na mikono yangu mwenyewe: kiuno cha mwamvuli kimekatwa mshazari sehemu kubwa, na mshazari huvutika kila unapoushika, unapoukunja, hata ukiuacha tu unaning'inia ukingoni mwa meza.

Hesabu sahihi ni hii. Duara zima, gawa kiuno kwa 6.28. Nusu duara, gawa kwa 3.14. Robo duara, gawa kwa 1.57. Kwa kiuno cha 30 unapata takriban 4¾, 9½ na 19. Huo ndio mstari wa kushonea, si wa kukatia. Ukitaka akiba ya mshono ya nusu inchi kwenye duara zima, kata kwenye 4¼, ukashone kwenye 4¾. Akiba ya mishono ya ubavuni nayo iongezwe nje ya duara. Ukiisahau, vipande viwili vyenye mishono miwili ya nusu inchi vitakula inchi mbili za kiuno, nawe utakuwa na tatizo la sehemu inayofuata.

Mara tu unapomaliza kukata, kabla hata ya kuinua kitambaa mezani kwa fujo, piga mshono mmoja wa kushikilia kuzunguka kiuno, ndani ya akiba ya mshono, juu kidogo ya mahali mkanda utashonwa. Anzia ubavuni uende katikati, kisha ubavu wa pili uende katikati. Mshono huo hauonekani na mtu, lakini bila huo kipimo cha asubuhi si kipimo cha jioni.

Kama maji yameshamwagika, usijaribu kupunguza kiuno kwa kukata juu. Utakipanua zaidi. Fumua mkanda, kisha chagua. Kwenye kitambaa chepesi, pitisha mishono miwili mirefu kuzunguka kiuno, vuta uzi, na ugawe ziada mpaka ilingane na mkanda. Inchi tano zilizotawanywa hivyo kwenye krepe huonekana kama mikunjo iliyokusudiwa, na mpwa wangu alisifiwa kwa hiyo. Kwenye kitambaa kizito kama jinzi mikunjo hiyo itavimba kiunoni, kwa hiyo punguza kwenye mishono ya ubavuni. Ziada ya inchi tano ukiigawa kwa mishono miwili, kila upande wa kila mshono unatoa inchi moja na robo juu, na mstari mpya unakwenda moja kwa moja hadi kufa kwenye pindo. Baada ya hapo panga upya mviringo wa kiuno kwa chaki, maana pale ulipopunguza patakuwa na kona.

Kiuno kinabana

Hii ndiyo kasoro tamu kuliko zote, kwa sababu ile hesabu iliyokuumiza sasa inakusaidia. Kwenye duara zima, ukishusha kiuno kwa robo inchi tu kuzunguka kote, unapata inchi moja na nusu. Kwenye nusu duara, robo inchi hiyo inakupa robo tatu ya inchi. Kata kidogo, jaribu, kata tena. Sijaona mtu aliyejuta kukata mara tatu kidogo kidogo, ila nimewaona wengi waliokata nusu inchi kwa hasira wakarudi kwenye sehemu ya kwanza ya makala haya.

Kwenye robo duara njia hii haifai sana. Ili kupata inchi mbili ungelazimika kushuka inchi moja na robo, na sketi inafupika kwa kiasi hicho hicho. Hapo fungua mishono ya ubavuni kama uliacha akiba.

Kiuno ni sawa, lakini sketi inapanda na kukunjika chini ya mkanda

Sasa ule "wapi" unahesabika. Kama mikunjo ya kulala inazunguka mwili mzima chini ya mkanda, na ukiivuta sketi chini inarudi juu baada ya hatua kumi, tatizo ni nyonga. Kitambaa hakina nafasi, kwa hiyo kinapanda kutafuta mahali pembamba. Duara zima na nusu duara ni nadra kukufanyia hivi. Robo duara ndiyo yenye ubahili. Kwa kiuno cha 30, inchi nane chini ya kiuno robo duara inakupa mzunguko wa inchi 42 na kidogo. Mwenye nyonga za 40 atavaa kwa raha. Mwenye 44 atahangaika, na hakuna pasi itakayomsaidia. Fungua ubavuni, au kubali kwamba mtindo uliomfaa ni nusu duara.

Kama mkunjo ni mmoja, upo nyuma tu, chini ya mkanda, kama tabasamu linalolala, basi ni umbo la mgongo. Mgongo wa chini umeingia ndani, kitambaa kimepata urefu kisiouhitaji, kikajikunja. Mara nyingi utaona pindo la nyuma nalo limeshuka kidogo. Jaribio lake ni rahisi: shika mkunjo huo kwa vidole, ubane kwa pini, utazame. Sketi ikitulia na pindo likanyooka, umepata jibu. Fumua mkanda nyuma, vuta kitambaa kiingie juu zaidi chini ya mkanda katikati ya mgongo, kwa kawaida nusu inchi, ukipunguza taratibu hadi sufuri ubavuni. Ukingo utakuwa umerefuka kidogo hapo. Ugawanye kwa pini nyingi, usiukate.

Mafundi wengi wa mtaani hawatakuuliza habari ya mgongo. Watapunguza ubavuni, mkunjo utabaki, nawe utalipa mara mbili. Si ubaya wao. Anayeshona sare kwa madazeni pale Uhuru Market anafanya kazi ya vipimo vya jumla, na mgongo wako si wa jumla.

Pindo halilingani

Tumefika kwenye ugonjwa uliowaleta wengi hapa. Pindo lina sababu nyingi za kupotoka, na kila sababu ina mahali pake pa kujionyesha. Zunguka sketi na mti wa kupimia, pima kutoka sakafuni, andika palipo parefu.

Je, imeshuka sehemu nne zenye nafasi sawa, kati ya mbele na ubavu, na kati ya ubavu na nyuma? Hiyo ni duara zima na kosa ni la mshazari. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda na urefu wa kitambaa, na nyuzi za mshindio, zinazokata upana wake. Zinaposimama wima hazivutiki sana, ila zinapokaa mshazari, uzito wa kitambaa chenyewe unazivuta chini. Kwenye duara zima kuna mishazari minne, kwa hiyo kuna masikio manne. Nusu duara iliyokatwa kipande kimoja, katikati ya mbele ikifuata mtande, itashuka ubavuni pande zote mbili, kwa sababu hapo ndipo mshazari wake unapoangukia. Mtu akiniambia "imeshuka ubavuni, kiuno changu kimepinda," kwanza namuuliza sketi ni duara gani.

Dawa ni subira. Shona mkanda, acha pindo wazi, uitundike. Kitambaa kilichoshikana kama kitenge kitahitaji usiku mmoja na mchana wake. Krepe nyepesi na shifoni naziacha siku mbili au tatu. Itundike kwa vibanio vilivyoshika mkanda wote. Ukiitundika kwenye msumari mmoja ukutani utaivuta upande mmoja na kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Kwa sisi wa chumba kimoja, ile fimbo ya pazia inayogawa kitanda na sebule inatosha kabisa. Fundi aliyenifundisha alikuwa mkali kwa hili. Mteja akimwambia, "Mama, naihitaji leo jioni," alimjibu, "Basi chukua ya penseli, hiyo haina mshazari."

Ikishatulia, pima pindo kutoka sakafuni, si kutoka kiunoni. Mvaaji asimame mahali tambarare, asizunguke. Mpimaji ndiye azunguke kwa magoti. Ukiwa peke yako, paka uzi chaki kwa wingi, ufunge ukakamae kati ya miimo ya mlango kwenye kimo unachotaka, kisha simama ukiugusa na ujizungushe taratibu. Uzi utakuchorea mstari. Si mzuri kama wa mtu, lakini ni mzuri kuliko wa kukisia.

Je, pindo limepanda mbele tu, na mishono ya ubavuni imeegemea mbele? Tumbo limekula urefu. Likipanda nyuma tu na mishono ikarudi nyuma, ni makalio. Katika hali zote mbili kitambaa kinapanda mlima kabla ya kushuka, na njia ya mlimani ni ndefu. Kama uliacha akiba kubwa kiunoni, iachilie hapo: mkanda ushonwe karibu zaidi na ukingo pale kwenye tumbo au makalio. Kama hukuacha, fanya kinyume, yaani ingiza zaidi chini ya mkanda sehemu nyingine zote, robo inchi hadi nusu inchi, ukikumbuka kwamba kiuno kitapanuka na itabidi ukigawanye. Kusawazisha pindo kwa mkasi kutaficha tatizo ukisimama, ila mishono ya ubavuni itabaki imeinama.

Na kama ni upande mmoja tu? Mara nyingi nyonga moja ipo juu kuliko nyingine, hasa kwa anayebeba mtoto au mkoba mzito upande uleule kila siku. Ingiza kitambaa zaidi chini ya mkanda upande ambao pindo limeshuka. Lakini kabla ya hapo, hakikisha mkanda wenyewe haujashonwa umepinda. Mimi huanzia hapo, kwa aibu ya kujua nani aliushona.

Mawimbi yote yamekwenda ubavuni, mbele pamebaki bapa

Sketi ya duara inapaswa kumwaga mawimbi kuzunguka mwili. Yakikusanyika upande mmoja, huenda kitambaa hakikugawanywa sawa kwenye mkanda. Kunja mkanda mara nne uweke alama, kunja kiuno cha sketi mara nne uweke alama, kisha alama zikutane. Kama ulivuta upande mmoja ili ufike, hapo ndipo mawimbi yalipofia.

Alama zikiwa sawa na bado mbele ni bapa, tumia siri ya viuno: wimbi huzaliwa pale kiuno kinaposhuka, na hufa pale kinapoinuliwa. Fumua mkanda mbele, acha kitambaa kishuke robo inchi mahali unapotaka wimbi, piga bandi, yaani mshono wa muda, utazame. Kwa mwenye tumbo ambaye hataki wimbi lisimame katikati kama pua, inua katikati kidogo na ushushe pande mbili za jirani. Fanya kwa bandi kwanza. Hii ni kazi ya macho kuliko ya tepu.

Pindo lililoshonwa linajisokota

Ulikunja pindo la inchi mbili kama la suruali, na sasa limejisokota kama kamba. Ni ile 6.28 imerudi, safari hii kutoka chini. Kwenye duara zima, ukingo uliokuwa inchi moja chini ya mkunjo unashonwa inchi moja juu yake, kwa hiyo kila inchi unayokunja inaleta ukingo ulio mrefu kuliko mahali unaposhonwa kwa inchi kumi na mbili na nusu hivi. Pindo la inchi mbili lina ziada ya inchi ishirini na tano hivi, na ziada hiyo lazima iende mahali. Kunja pindo jembamba: pitisha mshono mmoja robo inchi kutoka ukingoni, kunja kwenye mshono huo, piga pasi, kunja tena, ushone. Ukitaka pindo zito lenye kusimama, tumia utepe uliokatwa mshazari, ambao unainama kufuata mviringo.

Zipu imepiga mawimbi

Mshono ulioukatia zipu ulikuwa mshazari, ukavutika ulipokuwa unashona, na zipu haivutiki. Fumua. Bandika kwa pasi ukanda mwembamba wa stifu, kile kitambaa cha gundi cha kukazia, nyuma ya kila ukingo, piga bandi zipu ikiwa imelala mezani, shona bila kuvuta kitambaa. Wakati mwingine utakapokata, panga mshono wa zipu ufuate mtande. Na mishono mirefu ya ubavuni ishone kutoka pindoni kwenda kiunoni, kutoka kupana kwenda kwembamba, ili mguu wa cherehani usikisukume kitambaa kikarefuka.

Madogo madogo ya vitambaa

Kitenge cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo sketi itafupika baada ya kufuliwa na utamlaumu fundi, yaani wewe. Sindano namba 14 inakifaa. Kwa krepe nyepesi shuka hadi 11, vinginevyo mshono utajikunyata.

Kitenge chenye ndege au maua yanayosimama usikikate duara zima kwa mkunjo mmoja, kwa sababu upande mmoja ndege wataruka na mwingine wataning'inia miguu juu. Kata nusu mbili, kila moja na mwelekeo wake. Kitenge kwa kawaida kina upana wa inchi 45 hivi, kwa hiyo kwa kiuno cha 30 na urefu wa 24 nusu mbili zitakula yadi tatu na robo, na kwenye zile yadi sita utabaki na ya blauzi. Leso nayo hukatika vizuri kwa sketi fupi, ila tazama jina linapoangukia kabla ya kukata. Nimewahi kukutana na mama mmoja Gikomba, msemo wote umemkalia makalioni, kichwa chini, na nyuma yake watu watatu wameinamisha shingo wanajaribu kuusoma.

Krepe ya polista ikigandamana na miguu, hasa ukivaa soksi ndefu kwenye baridi ya Julai, haina kasoro ya kushona. Vaa shimizi ya pamba ndani.